Chumba cha Mvuke cha Shemeji

Goti la baba lilianza kuvimba kwenye baridi ya Juni, na kufikia Julai alikuwa hawezi kufika kanisani bila kukaa njiani kupumzika. Kwetu ni vilimani, upande wa Tukuyu, ambako ukungu huingia ndani mlango ukisahauliwa wazi. Hospitalini Mbeya walimpiga picha, wakasema maungio yamesagika, wakampa dawa za maumivu na kumshauri mazoezi na joto. Daktari alilitaja joto kwa haraka, huku akiita mgonjwa mwingine, lakini baba alilishika neno hilo kuliko dawa zenyewe.

"Amesema joto," aliniambia tulipotoka nje. "Sasa mimi joto nalitoa wapi kule kwetu?"

Joto lilikuwa Iringa. Kaka yangu anaishi Mlandege, na mke wake, Mhehe wa Kilolo, alikuwa na chumba cha mvuke nyuma ya nyumba yao. Kilijengwa kwa mbao za paina, kidogo kama stoo, na ndani kulikuwa na benchi refu ukutani na jiko la kuni ambalo fundi wa kuchomelea alilitengeneza kwa pipa la chuma. Juu ya jiko yalipangwa mawe ya mtoni. Mawe yakishika moto unayamwagia maji yaliyochemshwa na majani ya mkaratusi na mchaichai, na chumba chote kinajaa mvuke wenye harufu ya dawa ya kifua. Watu wa mtaani walikiita sauna, wengine stimu. Shemeji mwenyewe alikiita chumba tu.

Wateja wake walikuwa wanawake tu. Walikuja wazazi waliotoka kujifungua, wakiletwa na mama zao. Walikuja wauza mboga walioumwa mgongo kwa kuinama sokoni, na mabwana harusi waliwaleta wachumba wao kusingwa kabla ya sherehe. Shemeji hakumruhusu mtu mwenye njaa, wala mjamzito, wala mwenye presha iliyopanda. Alikuwa na sheria nyingine pia: humo ndani hakuna kuzungumzia waume. "Joto lenyewe linatosha," alisema, "tukiongeza na waume tutazimia wote."

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na kazi yangu ilikuwa kusubiri kuitwa kwenye usaili. Kijana asiye na kazi ndiye anayepewa kazi zote za nyumbani, kwa hiyo kumpeleka baba Iringa lilikuwa jukumu langu hata kabla ya kuulizwa. Ndani ya basi, tangu Mbeya mpaka Makambako, nilisoma kwenye simu habari za joto na moyo, joto na figo, joto na wazee. Tulipofika Mafinga nilikuwa nimeshamzika baba mara kadhaa. Yeye alikuwa amelala, mdomo wazi, goti lake amelifunika kwa koti langu.

Kabla sijaendelea, lazima niseme jambo moja la kwetu, maana ndilo lililoleta yote. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hali naye, hakalii kiti chake. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anajifunika khanga kichwani na kupisha pembeni mpaka mzee apite. Si chuki, ni heshima, na wote wawili wanaibeba. Watu wengi wa mjini wameliacha jambo hili. Kaka alimwambia mkewe tangu mwanzo kwamba naye anaweza kuliacha. Hakuliacha. Alinieleza sababu siku moja tukichambua mchicha: alipoolewa, shangazi zetu walimwita "yule Mhehe" kila walipotaka kumtuma. Siku walipomwona ameruka mtaro mzima wa maji ili baba apite, wakaanza kumwita mwanetu.

Kwa hiyo baba alipokuja Iringa, nyumba iligawanyika kimya kimya. Baba alikaa sebuleni, shemeji alipita mlango wa jikoni. Chakula alipika yeye, nilikipeleka mimi. Walisikiana sauti kutwa nzima, lakini hawakuonana.

Jumatatu ile shemeji hakuwepo. Alikuwa ameenda Kilolo kumwona mama yake, angerudi kesho yake. Jumatatu chumba hakina wateja, na kaka alishapanga kila kitu kichwani.

"Mzee anaingia, anapata joto lake, anatoka, tunasafisha," alisema huku akipasua kuni. "Nani atajua?"

"Yeye atajua."

"Kwa vipi?"

"Kaka, shemeji huvua nguo humo. Benchi ni lile lile."

Aliweka shoka chini akanitazama. "Dogo, asubuhi umeniuliza kama mawe yanaweza kupasuka yakamrukia mzee. Halafu ukauliza kama moshi utamziba pumzi. Halafu maji ya kunywa, yawe na chumvi au yasiwe na chumvi. Sasa umehamia kwenye benchi."

Yote hayo nilikuwa nimeyauliza kweli. Ndiyo hasara ya kuogopa kila kitu. Ukiogopa kitu cha kuogopwa, hakuna anayekitofautisha na vingine.

Baba naye aliuliza. Alisimama mlangoni mwa chumba, akanusa mbao, akasema, "Hiki ni cha nani?"

"Cha biashara, baba," kaka alijibu. "Cha wanawake wa mtaa."

"Na mkamwana?"

"Yuko Kilolo."

Baba aliona amejibiwa.

Tuliingia wawili, baba na mimi. Yeye alivaa bukta ya zamani na taulo mabegani. Sikuwa nimeuona mwili wa baba namna ile tangu nikiwa mdogo. Kifua kilikuwa kimeingia ndani, na ngozi ya mikono ilikuwa laini kuliko nilivyodhani. Nilimwagia mawe kikombe cha maji. Yakalia, mvuke ukapanda mpaka darini, ukashuka taratibu juu ya vichwa vyetu. Nikamshika baba kifundo cha mkono.

"Unatafuta nini mkononi mwangu?"

"Mapigo, baba."

"Yapo?"

"Yapo."

"Basi niache nayo."

Akaegemea ukuta na kufumba macho. Baada ya muda alinyoosha mguu mbovu, akaukunja, akaunyoosha tena. "Eee," alisema, kama mtu aliyewekewa chai mbele. "Hili ndilo joto lenyewe."

Na mimi pia lilinifanyia kitu. Miezi ile kifua changu kilikuwa kinabana bila sababu, hasa simu ilipoita namba nisiyoijua. Mle ndani joto lilikuwa kali kiasi kwamba mawazo hayakupata nafasi ya kukaa. Jasho lilinidondoka puani nikalitazama tu. Sikufikiria usaili, sikufikiria figo za mtu. Nilisikia kuni zikilia na pumzi ya baba, basi. Nataka kusema kweli hapa: sijui kama joto huponya wasiwasi. Ninajua kwamba kwa kipindi kile lilinipa mwili badala ya kichwa.

Ndipo mlango uliposukumwa.

"Mume wangu, nani kakwambia uwashe jiko leo?" ilikuwa sauti ya shemeji. "Utamaliza kuni zangu bure, na kesho nina mzazi kutoka—"

Hakumalizia. Alikuwa amesimama mlangoni na beseni la majani mikononi. Kumbe mteja alimpigia simu, mwanamke aliyejifungua ambaye mama yake alikuwa anamleta kutoka Ruaha Mbuyuni, na shemeji akapata lifti ya lori la mbao akawahi kurudi ili aandae. Aliona moshi kwenye bomba, akadhani ni mumewe anajaribu jiko.

Beseni lilianguka. Khanga ilikuwa imeshapanda kichwani kabla beseni halijatulia sakafuni. Aligeuka na kuondoka, na nilimsikia akikimbia uani, yeye ambaye huwa hakimbii. Baba alijaribu kusimama, goti likakataa. Akakaa tena na kujifunika uso kwa taulo.

"Funga mlango," alisema ndani ya taulo. Nilifunga, lakini baridi ilikuwa imeshaingia.

Tulipotoka, baba alivaa nguo zake zote, mpaka koti, ndipo akamwita kaka.

"Ulisema ni cha wanawake wa mtaa."

"Naye si mwanamke wa mtaa huu, baba?"

Hakuna aliyecheka. Kaka mwenyewe alionekana kujutia mdomo wake.

Shemeji alikuwa amekwenda kwa jirani, mama mmoja muuza maziwa. Nilimfuata jioni ile, kabla giza halijaingia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwa jirani, anamenya viazi vya watu kwa nguvu nyingi.

"Shem," nilianza, "tumesafisha. Tumepiga deki, tumefuta benchi kwa sabuni."

"Mmesafisha nini?"

"Chumba."

"Baba amevulia nguo mle. Jasho lake limeingia kwenye mbao. Nikalie mimi? Nijilaze pale alipojilaza baba?" Alitupa ganda la kiazi. "Siingii tena mle, shem. Mwisho."

"Na mzazi wa kesho?"

"Mwambie kaka yako akamkande yeye. Si ndiye fundi wa kuwasha majiko?"

Jirani alicheka mpaka akafuta macho. Shemeji hakucheka. Niliona kiazi mkononi mwake kimebaki kidogo kama yai, na bado anakimenya, nikaelewa kwamba halikuwa neno la hasira. Chumba kile ndicho alichokuwa nacho. Alikianza kwa kukanda wazazi majumbani mwao, akibeba ndoo na majani kutoka nyumba hadi nyumba, mpaka akapata mbao za kujengea mahali pake. Sasa alikuwa ametolewa humo, na hakuna aliyemfukuza.

Nyumbani nilimkuta baba anafunga begi. Kliniki ya mazoezi aliyoandikishwa hapo Iringa ilikuwa bado inamsubiri, lakini hakutaka kusikia. "Nimemtoa mtoto wa watu kwenye kazi yake," alisema. "Nikae hapa nifanye nini? Nimnywee na chai yake?"

Kaka akasema haya ni mambo ya kale, Iringa ni mjini, watu wanakwenda hoteli na kukaa sauna moja wageni kwa wenyeji. Baba akamjibu kwamba hao wa hoteli hawakuolewa kwake. Mimi nililala nikiwa na mipango mingi kichwani: kujenga ukuta katikati ya chumba, kubadilisha mlango, kumwita mchungaji, kuwaita shangazi. Kila mpango niliuona ukiharibika mahali fulani kabla haujaanza.

Asubuhi shemeji alirudi, maana mzazi alikuwa ameshapanda gari na hakuna njia ya kumrudisha. Alipitia jikoni. Baba alikuwa sebuleni na begi miguuni. Kati yao kulikuwa na mlango wenye pazia, na mimi nikasimama hapo, kwa sababu sikujua pa kusimama kwingine.

"Mwambie nimekosa," baba alisema.

Shemeji alimsikia vizuri. Hata jirani pengine alisikia. Lakini aliningoja mimi. Nikageuka. "Shem, baba anasema amekosa."

"Mwambie hakukosa. Hakujua."

"Baba, anasema—"

"Nimesikia. Wewe sema."

Nikasema. Baba akatikisa kichwa kama aliyeletewa habari mpya.

"Muulize," akasema, "kwao Kilolo jambo kama hili wangelimaliza vipi. Tufanye kama kwao. Yeye ndiye aliyeumia."

Niliuliza. Jikoni nilisikia mfuniko wa sufuria ukifunuliwa. Halafu shemeji akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa juu kidogo, "Mwambie mimi si wa Kilolo. Mimi ni wa kwake. Anieleze ya kwake."

Sikulirudia neno hilo mara moja. Nilimtazama baba kwanza. Alikuwa ameshika goti kwa mikono miwili na macho yake yalikuwa sakafuni. Nikalirudia, taratibu, na yeye akalisikiliza lote mpaka mwisho.

"Babu yenu," alisema, "alikutana na mama yenu kisimani, asubuhi, mama yenu anaosha miguu. Babu hakurudi tena pale. Alikiacha kisima kikawa cha mama yenu, yeye akawa anatekewa maji mtoni, kule bondeni. Mkubwa ndiye anayehama, si mdogo. Mwambie mimi nimehama. Chumba ni chake, mguu wangu hauingii tena. Benchi nililokalia litoke. Mawe yaliyonipasha yatoke. Na nimnunulie kitambaa cha kujifunika, maana nilimfanya akimbie."

Nilianza kugeuka kumweleza shemeji, lakini hakuningoja.

"Na kuku?" ilitoka sauti jikoni.

Kaka, aliyekuwa amesimama nje dirishani akijifanya hayupo, alikohoa ili asicheke. Baba aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Kumbe shangazi zenu walimfundisha vizuri," alisema. "Mwambie na kuku. Jike."

Nikasema, "Na kuku jike," kwa mtu aliyekuwa ameshasikia.

Basi tukafanya kazi. Kaka na mimi tulifungua skrubu za benchi na kulitoa, likakataa kupita mlangoni mpaka tulipoligeuza ubavu. Kaka alilalamika muda wote kwamba mbao zile zilikuwa nzima kabisa, lakini alizipeleka mbali, nyuma ya banda la kuni. Mbao mpya tulizipata kwa wauza paina wa hapo hapo Mlandege. Mawe kaka alikwenda kuyaokota mtoni, akarudi suruali imelowa mpaka magotini, na shemeji akayakagua moja moja na kuyakataa baadhi kwa kuwa yalikuwa na ufa. Hapo nilitaka kumwambia kaka kwamba mawe kweli hupasuka, lakini niliona si wakati wake. Kuku jike na kitambaa nilikwenda kununua mimi kwa niaba ya baba. Nilisimama dukani nikilinganisha rangi mpaka muuzaji akaniuliza kama ni cha mchumba.

Wakati sisi tunapigilia mbao, shemeji alikuwa jikoni anachemsha chungu kikubwa. Majani ya mkaratusi, mchaichai, majani ya mpera. Alipomaliza aliniita.

"Peleka kwa baba," alisema. "Na blanketi zito, lile la kijivu. Mwambie joto halimo chumbani peke yake. Aweke goti karibu, lakini asiliguse chungu. Na asiondoke leo. Wala kesho. Amalize kliniki yake. Nitakuwa nachemsha."

"Nimwambie yote hayo?"

"Wewe si ndiye mdomo wetu?"

Nilikibeba chungu kwa matambara mawili, nikihesabu hatari zote za njiani: mkeka, kizingiti, begi la baba ambalo lilikuwa bado limefungwa. Nilikiweka mbele yake na kumpa maneno yote kama nilivyopewa. Alivua koti. Akalisukuma begi chini ya kochi kwa mguu mzima.

Mzazi alifika mchana na mama yake, wamebeba mtoto na mfuko wa vitunguu vya kwao. Kutoka dirisha la sebuleni niliwaona wakipokewa uani. Shemeji alikuwa amejifunga kitambaa kipya. Aliwaonyesha pa kuweka vitu, akampa mzazi maji, akamuuliza maswali yake ya kawaida. Kisha akaenda mlangoni mwa chumba na kusimama. Jiko lilikuwa linawaka, moshi unatoka. Mkono wake ulikuwa juu ya mlango, lakini hakuusukuma.

"Ameingia?" baba aliuliza. Alikuwa amekaa na blanketi mabegani, chungu kati ya miguu, bado hajajifunika. Kutoka alipokaa hakuweza kuona uani, na nadhani alikuwa ameketi hivyo makusudi.

"Bado."

"Anafanya nini?"

"Amesimama."

Nilifikiri kwamba hataingia. Nilifikiri kwamba mbao mpya haziondoi kilichotokea, kwamba maneno ya pazia ni maneno tu, kwamba atawaambia wale wageni jiko limeharibika, na vitunguu vitarudi Ruaha Mbuyuni. Nilifikiri na mengine. Yule mama mgeni alisema kitu, shemeji akamjibu bila kugeuka.

"Mvuke wako unapotea, baba," nilimwambia. "Jifunike."

"Ngoja."

Nilirudisha macho dirishani, na mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Uani alibaki yule bibi peke yake na mtoto mikononi, anamtikisa. Sikuwa na hakika kama shemeji yuko ndani au amezunguka nyuma ya nyumba, na nikawa natafuta namna ya kulisema hilo bila kulikosea. Baba alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Kisha ikasikika, ndogo, kupitia mbao na ua na kioo cha dirisha: sauti ya maji juu ya mawe ya moto.

"Ameingia," alisema baba.

Akavuta blanketi juu ya kichwa chake, na mimi nikapiga magoti nikamshikia pembe zake chini, mvuke usitoke.